Kinga Isiyo na Nidhamu

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu bado nina ndugu huko, na nikienda kuwatembelea napenda niwakute majumbani mwao, si kwingineko. Ni nchi nzuri. Inaongozwa na mtu mwema ambaye raia wote wanampenda kwa mujibu wa katiba, na yaliyompata Sikudhani Mapunda hayapunguzi wema huo hata kidogo. Mimi nasimulia tu.

Kiongozi wa nchi hiyo huitwa Mlezi Mkuu. Mwaka mmoja Mlezi Mkuu alikosa usingizi. Asubuhi alipochungulia dirishani aliwaona wananchi wakipita huku wanapiga miayo. Mtu wa kawaida angedhani wana njaa. Yeye, kwa kuwa anaona mbali, alitambua kwamba wamelala vibaya. Kabla ya saa ya chai ilikuwa imezaliwa Sera ya Taifa ya Usingizi, ikaundwa Wizara ya Usingizi na Mapumziko, na amri ikatoka kwamba kila raia awe na godoro. Kiwanda cha Taifa cha Magodoro kikajengwa nje kidogo ya mji wa Lukongwe. Jiwe la msingi liliwekwa na Mlezi Mkuu, kisha na Waziri, kisha na kila mkubwa aliyetaka kupigwa picha, hivi kwamba hadi leo kiwanda hicho kina mawe ya msingi mengi kuliko madirisha.

Sikudhani aliajiriwa siku kiwanda kilipofunguliwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko ambacho majirani walikifahamu kabla hawajamfahamu yeye. Akicheka uani, mumewe Yoeli, fundi baiskeli pale njia panda, aliinua kichwa na kutabasamu bila kujua kilichochekwa. Sikudhani alipangwa sehemu ya kumimina. Aliyepangwa ubavuni mwake alikuwa Restituta Ngonde, ambaye wote walimwita Resti: mfupi, mwepesi wa maneno, hodari wa kujua msimamizi anataka kusikia nini kabla msimamizi mwenyewe hajajua.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kulikuwa na mapipa ya buluu yenye kimiminika kizito kama asali, na mapipa mekundu yenye kimiminika chembamba cha manjano, chenye harufu tamu inayochoma pua. Viwili hivyo vikichanganywa na kumiminwa haraka katika kasha refu, vinaumuka kama unga wa maandazi, vinatoa mvuke, na baada ya muda mfupi kinachobaki ni godoro. Wafanyakazi hawakuambiwa majina ya vimiminika hivyo. Waliviita "dawa", kama watu wanavyoita kila kitu kinachonuka na kufanya kazi.

Mtu asidhani kwamba serikali haikujali. Michoro ya wahandisi ilionyesha feni kubwa za kufyonza hewa juu ya kila kasha. Feni zilinunuliwa kweli na zikafungwa kweli. Lakini siku ya uzinduzi kulikuwa na joto, na jukwaa la wageni waheshimiwa lilikuwa upande wa jua, kwa hiyo feni zikafunguliwa na kupelekwa jukwaani kwa muda. Muda huo haujaisha. Barakoa nazo zilitolewa, nzuri, zenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu. Bahati mbaya sheria ya alama za taifa inakataza kuitemea mate au kuipumulia picha ya kiongozi. Barakoa zikatundikwa ukutani kwa heshima, zikawa zinawatazama wafanyakazi.

*

Urafiki wa Sikudhani na Resti ulianzia kwenye kasha. Anayemimina hawezi kufanya kazi peke yake. Mmoja anafungua bomba, mwingine anasawazisha povu, na wakikosana kwa sekunde chache godoro linakuwa na nundu. Hawa wawili hawakukosana. Walizoeana hata wakawa hawahitaji kuitana.

Resti alipobeba mimba ya mapacha, ilionekana kwamba likizo ya uzazi ipo, tena kwa mshahara kamili, ila aliyetoka kuitumia hukuta nafasi yake imepewa mtu mwingine. Sikudhani alimfuata msimamizi, Bwana Chambulika, akamwambia atamimina nafasi zote mbili mpaka Resti arudi, ili nafasi isihesabiwe kuwa wazi. Bwana Chambulika alikubali, maana hakuna kanuni iliyomkataza mtu kufanya kazi mara mbili. Ndivyo Sikudhani alivyoinamia makasha mawili, akikimbia toka hili kwenda lile, na kuuvuta mvuke wa yote. Resti aliporudi alimkumbatia palepale mbele ya mapipa.

"Siku, deni hili nitalilipa lini?" akasema.

"Shika bomba, shoga," Sikudhani akamjibu. "Linavuja."

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata. Mwanzoni kilikuwa mkuno mdogo kooni. Baadaye kikawa na tabia ya ajabu: mchana akiwa kazini alijisikia nafuu, lakini jua likianza kuzama, ameshafika nyumbani na kuinjika maharage, kifua kilimbana kama amefungwa kanga kwa nguvu. Homa ilimpanda, mifupa ikamuuma, akatetemeka. Asubuhi homa ilikuwa imekwenda, naye akaenda kazini. Kicheko chake kilianza kukatika katikati. Alikuwa akianza kucheka anaishia kukohoa, na Yoeli pale njia panda aliacha kutabasamu, akawa anasikiliza.

Hakuwa peke yake. Bosko, kijana mkubwa aliyekuwa akibingirisha mapipa mekundu, alianza kupumua kwa sauti ya filimbi. Alipelekwa kijijini kwao akapumzike, na alipumzika. Kiwanda kilipeleka shada la maua na godoro.

Kila mwaka nchi hiyo huadhimisha Wiki ya Usingizi, ambapo raia wote hukaa nyumbani kumwombea Mlezi Mkuu usingizi mwema. Wiki hiyo Sikudhani alipona. Homa haikuja. Siku ya mwisho alicheka uani kicheko kizima, toka mwanzo hadi mwisho, jirani akachungulia juu ya ua kuona kama kuna mgeni. Siku ya kurudi kazini, Resti alipofungua tu kifuniko cha pipa jekundu, Sikudhani alipiga magoti sakafuni akitafuta hewa.

Bwana Chambulika alisubiri kwa subira mpaka Sikudhani akaweza kusimama.

"Wiki nzima umekuwa mzima?"

"Mzima kabisa, Bwana."

"Na hapa ndipo unaumwa."

"Ndiyo."

"Mama, ugonjwa unaopona likizo una jina lake, na si jina la hospitali. Unaitwa uvivu."

Wizara ilipousikia uchunguzi huo iliupenda, ikausambaza kama mwongozo kwa viwanda vyote.

Mkaguzi wa afya alikuja pia. Alikuwa kijana msafi aliyesimama mlangoni ili asizuie kazi. "Mnakohoa kwa sababu gani?" akauliza. "Dawa," wakasema. "Dawa gani?" "Hizi za kiwandani." Mkaguzi akaripoti kwamba wafanyakazi wana tabia ya kutumia dawa bila kuandikiwa na daktari, akaagiza wapimwe ulevi.

*

Yoeli ndiye aliyempakia mkewe kwenye baiskeli na kumpeleka hospitali ndogo ya mjini, kwa Daktari Elifasi Mtweve. Daktari huyo alikuwa bado mgeni serikalini, hajajifunza kutouliza. Alimpiga picha ya kifua. Aliweka kipimo mgongoni akasikiliza kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza ukuta ili ajue kama upande wa pili kuna watu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Sikudhani kwa nia njema.

"Siku za mapumziko unakuwaje?"

Sikudhani alimweleza. Alipomaliza, daktari alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Mwilini mwako kuna kinga, Mama. Ichukulie kama walinzi. Kazi yao ni kuwatambua wabaya na kuwafukuza. Ile dawa ya pipa jekundu umeivuta miaka mingi, na walinzi wako wameitambua kuwa ni adui. Wameikariri. Sasa hata ikiingia kidogo tu, wanainuka wote kupigana, na mahali wanapopigania ni mapafu yako. Yanavimba. Wakipigana sana, yanabaki na makovu, na kovu halipumui."

"Dawa ya kunitibu ipo?" akauliza Sikudhani.

"Zipo za kutuliza. Lakini ukirudi pale, hazitafua dafu. Dawa ya kwanza ni kutoka."

"Nikitoka watoto watakula nini?"

Daktari alimtazama Yoeli, Yoeli akatazama mikono yake yenye grisi.

"Wenzako wako vipi?" hatimaye daktari akauliza.

"Wote wa sehemu ya kumimina wanakohoa. Hata rafiki yangu Resti."

Siku iliyofuata Daktari Mtweve alikwenda mwenyewe kiwandani akamwambia meneja kwamba feni zirudishwe na wagonjwa waondolewe kwenye mvuke, wapewe kazi nyingine na matibabu. Meneja alimshukuru sana, akampa chai, na daktari alipotoka tu akapiga simu wizarani. Kabla wiki haijaisha ikatangazwa Tume Huru ya Kuthibitisha Usalama wa Hewa. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri mwenyewe, kwa maelezo kwamba uhuru wa tume ni jambo zito mno kuachiwa watu wa nje.

*

Wafanyakazi wa kumimina walikutana uani kwa Sikudhani. Wakati huo Resti alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, na kila mtu alikubali kwamba yeye ndiye aseme kwa niaba yao: kwamba wote wanaumwa, kwamba wanapona wakitoka na kuugua wakirudi, na kwamba Sikudhani ndiye aliyezidiwa. Resti alisimama, mkono mmoja kifuani, akisubiri kikohozi chake mwenyewe kipite.

"Nitasimama," akasema. "Wakitaka kumgusa Siku, wataanza na mimi."

Walimpigia makofi kwa kiasi, maana kupiga makofi nako kuliwachosha.

Wenzao walipoondoka, Resti alibaki. Walikaa kwenye mkeka wakichambua mchele, na Resti akamwomba Sikudhani amweleze kila kitu, asije akakwama mbele ya tume. Sikudhani alimweleza. Alimweleza pia kwamba utotoni aliugua kifaduro karibu afe, na kwamba mama yake alikuwa akikaanga samaki kwa kuni, naye amelelewa katika moshi huo.

"Lakini hilo la kifaduro lisitoke," akasema. "Nilipona kabisa, nimekaa miaka yote bila hata mafua. Watu wale wakilisikia wataligeuza."

"Siku, hivi mimi ni wa kuambiwa hivyo?" Resti akasema, akapuliza makapi kwenye ungo.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa mji. Waziri alikuwa Mheshimiwa Profesa Injinia Zakayo Bandawe, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye alipewa wizara ya usingizi kwa sababu hotuba zake zilikuwa zimeshaanza kazi hiyo kabla.

"Ndugu wananchi," akaanza, "hewa haionekani. Na serikali makini hailaumu kitu kisichoonekana. Hata hivyo, kwa unyenyekevu nilionao, jana nimeingia mwenyewe kiwandani. Nikavuta pumzi. Nikaitoa. Nikavuta nyingine. Na leo mnaniona niko hapa."

Ukumbi ukapiga makofi. Hakuna aliyetaja kwamba jana hiyo mitambo ilizimwa tangu alfajiri na sakafu ikanyunyiziwa marashi.

Akaitwa Daktari Mtweve, akaeleza yale yale aliyoyaeleza hospitalini: mvuke, mapafu, kinga. Waziri alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyekuja kutafuta sindano akakuta cherehani.

"Daktari, kwa lugha nyepesi, anayeyashambulia mapafu ya mama huyu ni nani?"

"Ni kinga yake mwenyewe, Mheshimiwa, lakini imechokozwa na—"

"Kinga yake mwenyewe. Imesikika. Si kiwanda?"

"Kiwanda ndicho kilicho—"

"Daktari, kiwanda kimo ndani ya kifua chake?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ahsante, ukae. Wananchi, mmesikia kwa kinywa cha mtaalamu. Ndani ya mama huyu kuna askari, na askari hao wameasi. Tunamwonea huruma. Lakini serikali yetu ina sera ya kutoingilia vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata kama vinapiganwa kifuani mwa raia. Hayo ni mambo yake ya ndani."

Sikudhani, aliyekaa mstari wa mbele na Yoeli, hakuwa na wasiwasi bado. Alijua Resti anafuata. Alipomwona anapanda jukwaani alisogea mbele kwenye kiti, kama mtu anayejiandaa kushika upande wa pili wa mzigo.

Resti alikuwa amevaa gauni jipya. Hakuangalia mstari wa mbele.

"Wewe ni nani kwa mgonjwa?" akauliza Waziri.

"Ni rafiki yake, Mheshimiwa. Tumefanya kazi kasha moja tangu kiwanda kifunguliwe."

"Basi unamjua kuliko daktari aliyekutana naye juzi. Mama huyu ameanza lini kuumwa kifua?"

Watu wa sehemu ya kumimina walikuwa wamekaa nyuma pamoja, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kuinuka ili wasimame naye kama walivyopatana.

"Tangu utoto," akasema Resti. "Aliugua kifaduro, Mheshimiwa, karibu afe. Na amekulia katika moshi wa kuni. Ameniambia mwenyewe."

"Na wafanyakazi wengine?"

"Wengine ni wazima. Wanakohoa kwa kumwiga, kwa sababu wanampenda."

Walioanza kuinuka waliketi. Sikudhani alibaki amesogea mbele vilevile kwenye kiti. Baadaye alimwambia Yoeli kwamba kwa muda kidogo alidhani Resti anataja uongo wao kwanza ili aubomoe, kwamba ni mbinu, na kwamba alikuwa akisubiri sentensi itakayofuata. Haikuja. Resti alishuka kwa kupitia ngazi ya nyuma.

Sikudhani aliomba kusema. Waziri, ambaye ni msikivu, alimruhusu, ila akamkumbusha kanuni ya tume kwamba ushahidi hutolewa bila kukohoa, kwa kuwa vipaza sauti ni mali ya umma. Alisimama. Alisema, "Mimi nili—" na kifua kikamkaba. Alijaribu tena. Waziri alisubiri, akaangalia saa, akasubiri tena. Mwishowe karani akaandika kwamba shahidi hakuwa na la kusema.

Hukumu ya tume ilikuwa fupi. Hewa ilithibitishwa kuwa salama. Sikudhani Mapunda aliachishwa kazi kwa kosa la kuishi na kinga isiyo na nidhamu. Kwa ubinadamu, alipewa zawadi ya kuagwa: godoro jipya, lililotoka kwenye kasha wiki hiyo. Yoeli alilibeba kichwani mpaka nyumbani. Lilipoingizwa ndani Sikudhani alianza kutweta, na Yoeli, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekasirika, alilitoa, akalichana kwa kisu cha kazi na kulizika nyuma ya choo.

Daktari Mtweve alipandishwa cheo. Alihamishiwa mpakani kusimamia afya ya bata wa bustani ya Mlezi Mkuu, ambao wana mapafu mazuri.

*

Habari ya Resti ilikuja kwa redio. Yoeli aliisikia kibandani, akafunga kazi mapema akaja nyumbani.

"Resti amepewa cheo," akasema.

"Kipi?"

"Mkurugenzi wa Pumzi Njema Kazini. Ofisi iko kule kilimani, kwenye miti."

"Kule upepo ni mzuri," akasema Sikudhani. Kisha akajilaza kwenye mkeka na kugeukia ukuta. Hakulia, maana kulia kunataka pumzi.

Kwa wiki nyingi hakutoka. Yoeli anasema kilichomuuma mkewe zaidi hakikuwa kifua wala kazi. Kila alipoupitia urafiki ule toka mwanzo akitafuta mahali ulipoharibika, hakupaona. Resti aliyemkumbatia mbele ya mapipa alikuwa mkweli. Resti aliyesema "nitasimama" uani alikuwa mkweli. Angepata uongo mmoja tu wa zamani angeshukuru, maana angejua alikosea wapi.

Mapafu yalipopata nafuu kidogo, alianza kutoka. Alichukua kikapu cha machungwa, akaenda kukaa ng'ambo ya barabara mbele ya lango la kiwanda, upande ambao upepo hauleti harufu. Aliyamenya kwa ustadi, ganda likitoka zima, na wafanyakazi wakasimama kununua. Wengine walimkwepa macho. Kila aliyesimama alimpa chungwa na swali.

"Siku za mapumziko unakuwaje?"

Hakuongeza neno. Wengi waliondoka bila kujibu. Lakini swali liliwafuata nyumbani, na Wiki ya Usingizi ilipofika, watu walikaa kwenye vitanda vyao wakijisikiliza. Baada ya wiki hiyo baadhi hawakurudi kazini. Wengine walirudi, wakaenda kumwomba Bwana Chambulika feni. Wawili walizichukua barakoa ukutani wakazivaa, uso wa Mlezi Mkuu ukiwa umegeuzwa ndani.

Serikali ikashtuka, na kwa haki. Ikatungwa sheria ndogo inayokataza kumuuliza mtu hali yake katika hifadhi ya barabara, kwa kuwa huko ni kufanya uganga bila leseni. Ilipoonekana Sikudhani hasomi magazeti, wizara ikaamua kumtuma mtu amweleze. Mtu mwenye dhamana ya pumzi alikuwa Mkurugenzi.

Resti alifika kwa gari la serikali wakati zamu ya asubuhi inatoka. Wafanyakazi walikuwa wamejazana langoni. Alimwambia dereva abaki, akavuka barabara peke yake, akasimama mbele ya kikapu. Alikuwa amenawiri. Shavu limejaa, macho meupe.

"Shikamoo, dada Siku," akasema. Walikuwa rika moja. Hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Keti," Sikudhani akasema.

Resti alijibanza kwenye ukingo wa kreti, gauni akiwa amelikusanya. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo langoni haikufika:

"Nilikuwa siwezi kuwabeba wanangu. Nikipanda ngazi tatu naona giza. Waliniita siku mbili kabla ya tume, wakasema ipo nafasi ofisini, mbali na mapipa. Nafasi moja."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unaitaka. Ningekuachia. Nilishawahi kukushikia nafasi, Resti, nisingeshindwa kukupa nyingine. Ila usingepita juu ya mgongo wangu."

Resti aliangalia machungwa. "Daktari alisema kweli," akanong'ona. "Nilipotoka pale, mwezi haukwisha nikapona. Sikunywa hata kidonge. Kila ulichosema ni kweli, Siku, mimi ndiye ushahidi wake. Nalala nikijua hivyo."

Sikudhani alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ukumbini. Wote wawili walikuwa wakizijua zile dalili za mtu anayetaka kusema jambo. Walikuwa wamesimama pamoja miaka mingi bila kuhitaji kuitana.

"Basi wageukie wale uwaambie hivyo hivyo," akasema. "Si lazima iwe hotuba. Hilo la kupona tu."

Langoni watu walikuwa wakiwatazama. Hawakusikia maneno, lakini waliona wale wawili wamekaa pamoja kama zamani, na baadhi walisogea mpaka katikati ya barabara. Mmoja wao alivua kofia. Resti alisimama. Aliwatazama, midomo ikacheza, na Sikudhani akaona kabisa kwamba anakwenda kusema. Dereva akafungua mlango wa gari akatoa kichwa nje, si kwa kumtisha, alitaka tu kujua kama wanaondoka.

Resti alinyoosha gauni lake.

"Ndugu wafanyakazi," akaita, na sauti yake ikafika mpaka kwenye kuta za kiwanda, "mama huyu ni mgonjwa tangu utotoni, serikali inamwonea huruma na imempa zawadi, ila kuanzia leo ni marufuku kusimama hapa wala kununua kitu chake wala kumjibu anachouliza, na atakayekaidi atakuwa amejiondoa kazini mwenyewe."

Kisha akavuka barabara, akaingia garini.

Watu walitawanyika mmoja mmoja. Aliyevua kofia aliivaa. Sikudhani alibaki ameketi, chungwa lililomenywa nusu likiwa mkononi, akilisikiliza gari likipanda kilima. Yoeli alipokuja kumchukua jioni alimkuta hapohapo, akamuuliza Resti amesema nini. Alimjibu taratibu, maneno mawili mawili, akipumzika katikati, kwamba yale maneno hata hakuyasikiliza vizuri. Alichokisikia ni kwamba Resti aliyasema yote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa pumzi moja.